Aliyekosa Ndiye Ainame Kwanza

Maji ya ibada hii hununuliwa. Jomvu Kuu, Mombasa, bomba laweza kukauka siku na siku, na mwenye mkokoteni hangoji kuambiwa lini apandishe bei: mtungi wa lita 20 uliokuwa shilingi 20 unafika 50, na ukichelewa hupati. Kwa hivyo Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, mashemasi wa kike hupigiana simu kuulizana nani ana akiba. Yasipopatikana ya bomba huchotwa ya kisima, yale ya chumvichumvi, na hakuna anayelalamika. Si ya kunywa. Ni ya kuosha miguu.

Wasabato huiita huduma ya unyenyekevu. Huja mara moja kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana. Wanaume huenda upande wao, wanawake upande wao, na kila mmoja hutafuta mwenzake. Mmoja huketi kwenye kiti cha plastiki na kuvua viatu, mwingine hupiga magoti mbele yake na beseni. Vumbi la Jomvu si la mchezo. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inapita hapo, malori ya kontena hayalali, na maji hubadilika rangi kabla mguu wa pili haujaingia. Mwoshaji hupitisha kiganja kwenye nyayo, hufuta kwa taulo, na upande wa kina mama mara nyingi ni kwa leso. Huombeana maneno machache, hukumbatiana, kisha hubadilishana nafasi.

Mimi si Msabato. Nililelewa Kianglikana, ambako unyenyekevu wetu huishia kwenye kupiga magoti juu ya kimto kilichoshonwa vizuri. Lakini kila nilipoalikwa kwenye ibada hii nimeondoka nikiamini kwamba hakuna kitendo kingine katika makanisa yetu kinachokaribia hivi maana ya dini yenyewe. Mtu mzima, na suti yake ya Sabato, ameshika kisigino cha mtu mwingine. Hapo hakuna spika wala kwaya, na hakuna nafasi ya mtu kujionyesha.

Ila kuna jambo dogo linalonikera, nalo hutokea katika zile dakika chache za kutafutana. Mzee wa kanisa humtafuta mzee mwenziwe. Mwenye ploti huoshana na mwenye ploti, mpangaji na mpangaji. Mwajiri aliyemzungusha dereva wake mshahara wa miezi miwili yuko kona ile, dereva yuko kona hii, na kila mmoja ameshika mguu wa rafiki yake. Wale kina mama wawili ambao hawajasalimiana tangu pesa za chama zipotee hutazamana juu ya mabega ya watu, kisha kila mmoja hujifanya hajamwona mwenziwe. Utaratibu wenyewe unasema wenye ugomvi wautengeneze kwanza, ndipo wanyweshane kikombe. Tunaujua, na tunaupita kando kwa adabu.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda. Makanisa yetu ya pwani yamegeuza msamaha ukawa kazi ya aliyeumizwa, na unyenyekevu ukawa kazi ya aliye chini. Aliyekosa huachwa akae kwenye kiti.

Soma upya Yohana sura ya 13 uone nani aliinama. Si mdogo wa chumba kile. Aliyevua vazi na kujifunga taulo ndiye waliyemwita Bwana na Mwalimu, naye hakuwa na kosa la kulipia. Petro aliona haya na kukataa, kwa sababu alijua desturi: mguu wa bwana huoshwa na mtumwa, haijawahi kuwa kinyume. Ndipo ukubwa ukashuka hadi sakafuni kwa hiari yake. Na tusisahau kwamba Yuda alikuwamo. Naye alioshwa. Akaondoka na miguu misafi hadi kwa waliomtafuta Bwana wake, kwa sababu maji hayana uwezo wa kumtubisha mtu ambaye hajataka kutubu. Ikiwa asiye na kosa aliinama, aliyekosa ana kisingizio gani?

Papa Francis alilielewa hili. Alhamisi Kuu ya mwaka 2013, majuma machache baada ya kuchaguliwa, aliacha makanisa makuu ya Roma akaenda gereza la vijana la Casal del Marmo, akaosha miguu ya wafungwa, wakiwemo wasichana, na Mwislamu. Watu wa taratibu walinung'unika. Walichokuwa wakinung'unikia hasa ni mwelekeo wa kuinama.

Usabato ulifika Kenya mwaka 1906, Arthur Carscallen na Mmalawi Peter Nyambo walipofungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Ukafika pwani pamoja na watu waliofuata kazi ya bandari, ya reli, ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, na sasa ya yadi za kontena. Kwa hivyo beseni ni geni Jomvu. Swali la nani ainame si geni hata kidogo.

Kabla haijawa wadi ya uchaguzi, Jomvu Kuu ilikuwa mji wa Waswahili. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, ambazo pamoja na Tatu Taifa za Kilindini, Tangana na Changamwe ndizo Thenashara Taifa za Mombasa. Uislamu ulikuwa umeshaota mizizi huku karne nyingi kabla mmishonari Johann Ludwig Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, kisha akaanza misheni ya Rabai na Johannes Rebmann mwaka 1846. Wamethodisti walifuata mwaka 1862, Thomas Wakefield akaketi Ribe, na baadaye wakawa na kituo Jomvu. Mwaka 1875 Waanglikana wa misheni ya CMS wakajenga Frere Town, Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa.

Hao waliookolewa baharini walikuwa na ruhusa ya kuwapo. Wengine hawakuwa nayo. Watumwa wa mashamba ya pwani walisikia kwamba kuna mahali panapopokea watu, wakatoroka usiku, wakapita mikoko na vichaka hadi Rabai, Ribe na vituo vingine vya misheni. Wengine walijitengenezea kijiji chao Fuladoyo, huko Giriama, chini ya Mkristo David Koi, aliyekatwa kichwa mwaka 1883. Mabalozi wa Kiingereza waliwaonya wamishonari wasiwapokee watoro, maana mtumwa ni mali ya mtu na Uingereza ilikuwa na mapatano yake na Sultani wa Zanzibar. Wamishonari wengine walitii, wengine waliwapokea na kunyamaza.

Kufikia 1888 mabwana walikuwa wamechoka kuvumilia, na tishio la misheni kuvamiwa lilikuwa la kweli. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa, alipofika Mombasa mwaka huo alitafuta suluhu ya mfanyabiashara. Akawalipa mabwana fidia, dola 25 kwa kila mtoro. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Amani ikapatikana, na wengi walioandika habari zake walimsifu Mackenzie kwa busara.

Sikatai kwamba damu ilizuiwa. Ninachouliza ni nani aliombwa radhi. Aliyekuwa amemfunga mwenziwe alipokea pesa. Aliyekuwa amefungwa alipokea karatasi. Hakuna aliyeinama mbele ya mtoro akamwambia: tulikukosea. Uingereza yenyewe ilikuwa imefanya vilevile ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ikawalipa wenye watumwa paundi milioni 20, na watumwa wenyewe hata senti. Mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya, fidia ilikwenda tena kulekule. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, na wale wasiokuwa na shamba la babu la kudai wakajikuta maskwota juu ya udongo walioulima. Leo mtu akijenga Jomvu au Kisauni nyumba iliyo yake juu ya ardhi isiyo yake, akamlipa kodi ya kiwanja mtu asiyemjua, anaishi ndani ya hesabu iliyofungwa kabla baba yake hajazaliwa.

Wala kanisa lisijioshe mikono. Frere Town, iliyojengwa iwe kimbilio, ilikuwa na viboko vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu adhabu alizotoa msimamizi wake, J. R. Streeter, yalifika kwa balozi wa Uingereza Zanzibar, yakachunguzwa, na Streeter akaondoka. Waliochapwa walibaki. Jumapili iliyofuata, nadhani, walihubiriwa kuhusu kusamehe.

Ukitaka kuona msamaha usioombwa unavyoweza kuoza, vuka kwenda kisiwani, hadi Fort Jesus. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa alikosana na kapteni wa Kireno wa ngome ile, akakimbilia bara kwa Wamusungulo. Wareno waliwahonga wenyeji wake, wakamwua. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Goa hiyohiyo ndiko alikopelekwa mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akalelewa na watawa Waaugustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Walimfundisha sala zote za Kikristo. Alijifunza bila shaka kuungama dhambi zake. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa, wakamtawaza mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, mfalme Mkristo, wakatarajia shukrani.

Kwa miaka mitano aliishi chini ya makapteni waliorithi cheo cha waliomwua babake, na hao walimdharau. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kaburini kwa babake kwa njia ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni. Tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu Kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Kisha Wakristo wa mji wakatakiwa kuchagua. Wareno wapatao 150, wake kwa waume na watoto, waliuawa, na pamoja nao Waafrika waliobatizwa ambao hawakutaka kuikana imani. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, akawa haramia baharini hadi kifo chake mwaka 1638.

Kanisa Katoliki linawakumbuka waliouawa kama Mashahidi wa Mombasa, na jambo la kutaka watangazwe wenye heri limeshughulikiwa kwa miaka mingi. Ni haki yao. Mama aliyekataa kuikana imani yake mbele ya jambia hakuhusika na hongo ya 1614, na hakuna uchungu wa mwana unaohalalisha kuua watoto wa watu. Hata hivyo kila ninaposikia mahubiri juu ya mashahidi hao husubiri mhubiri afike kwenye kile kichwa kilichosafirishwa hadi Goa, na kila mara hafiki. Waliompa Yusuf ubatizo hawakumpa neno moja kuhusu babake. Walimwosha yeye, ambaye hakuwa amekosa. Mkono uliolipa wauaji haukuguswa na maji.

Sisemi kwamba Yusuf angeombwa radhi asingeua. Historia haina ahadi hizo. Nasema kwamba kanisa lilikuwa na nafasi, kwa miaka 17, kati ya kifo cha baba na kisu cha mwana, na likaitumia yote kumfundisha aliyedhulumiwa kupiga magoti.

Viongozi wetu wa leo nao wamelipenda somo hili, kwa sababu linawafaa. Mei 2018, kwenye maombi ya kitaifa Nairobi, wakubwa waliokuwa wametukanana mwaka mzima walisimama mmoja baada ya mwingine, Uhuru Kenyatta, William Ruto, Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, wakaombana msamaha na kukumbatiana. Ukumbi ulishangilia. Niliwatazama kwenye televisheni nikafikiria Mathare, Kibera na Kisumu, na waliozika watoto baada ya uchaguzi wa 2017. Waliosameheana ni wale ambao hawakuwa wamepoteza mtu. Kwa lugha ya beseni, ni mzee na mzee mwenziwe.

Kuna wakati mambo yalikaribia kuwa sawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na ndani yake pwani ilikuwa na kurasa nyingi za ardhi na damu. Machi 26, 2015, akiwa bungeni, Rais Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa maovu ya serikali zote zilizotangulia, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Radhi ile ilikuwa ya maana, na naamini ilimgharimu. Hazina ndiyo waathiriwa wanayoisubiri hadi leo. Miaka kumi baadaye, Mei 28, 2025, kwenye maombi yaleyale ya kitaifa, Rais Ruto aliwaomba vijana wa Kenya msamaha, iwapo wamekosewa. Neno hilo la iwapo lilibeba mzigo wote. Makumi ya vijana walikuwa wameuawa kwenye maandamano ya mwaka uliotangulia. Majina yao yanajulikana, na mahali walipoangukia panajulikana. Haukupita hata mwezi mmoja, Juni 25, wengine wakauawa barabarani.

Hata mfalme alipita hapa bila kuinama. Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza huzuni kubwa juu ya ukatili wa wakoloni, akaishia hapo, hatua moja kabla ya kuomba radhi. Kisha Novemba 3 akaja Mombasa, akakutana na viongozi wa dini katika Kanisa Kuu la Ukumbusho. Kanisa lake mwenyewe lilikuwa limemtangulia: sinodi ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura mwaka 2006 kuomba radhi kwa faida ambayo kanisa lilivuna kwenye utumwa. Yaonekana mfalme ana mawakili waangalifu kuliko maaskofu wake.

Yaliyopita si ndwele, tunaambiwa, tugange yajayo. Methali hii naisikia zaidi kwa wenye kutenda kuliko kwa waliotendwa. Mimi naona yaliyopita ni ndwele hasa, na mgonjwa bado yuko kitandani.

Hapa mchungaji mmoja rafiki yangu, mtu wa Mikindani, hunikatiza kila tukizungumza. Husema: wewe unataka kuwanyang'anya waumini dawa. Mwanamke aliyepigwa, kijana aliyeibiwa, wakingoja aliyewakosea aje na magoti yake, watakufa na sumu moyoni. Msamaha ni kwa ajili yao wenyewe. Na Bwana hakungoja aombwe radhi pale msalabani.

Ni hoja nzito na sitaipunguza. Mfano wake mkubwa kwetu Afrika Mashariki ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kwa jina lake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na alieleza jinsi alivyogundua, Ijumaa Kuu akiwa London, kwamba chuki ilikuwa inamla yeye, si Amin. Amin hakuwa ameomba lolote. Kivengere alisamehe peke yake.

Lakini angalia namna alivyosamehe. Alitoroka kwanza. Hakurudi kuketi mezani kwa Amin ili aonyeshe kwamba amesamehe. Alizunguka dunia akieleza yaliyokuwa yakitendeka Uganda na kuchangisha pesa za kuwasaidia wakimbizi. Na kule kusamehe kulikuwa kwake, kulitoka ndani yake kwa wakati wake, hakuamriwa na mtu mwenye maiki. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Mwanamke wa Jomvu anayekuja kwa mchungaji na jicho limevimba, akaambiwa asamehe saba mara sabini na arudi nyumbani, hajapewa dawa. Ameongezwa mzigo, kisha akarudishwa kwa aliyemtwika. Anayepaswa kuitwa ofisini usiku uleule ni mume, tena akiwa na mzee wa kanisa na, ikibidi, afisa wa polisi. Mke akishakuwa salama atasamehe akiweza, na kanisa likae naye hata kama itachukua miaka.

Unyenyekevu wa kuagizwa una hatari nyingine ambayo pwani tumeiona kwa macho. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba kujinyima hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Mahubiri yale yalidai utiifu kutoka kwa wafuasi, na hayakumdai chochote mhubiri. Sisemi kila mahubiri ya unyenyekevu yanaelekea Shakahola. Nasema muumini ana haki ya kutazama kama anayemwambia ainame naye huinama.

Cha kusikitisha ni kwamba Wakristo wa nchi hizi waliwahi kulijua hili la aliyekosa kuinama kwanza kuliko tunavyolijua. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, wa kina Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi na Joe Church, ulipoingia Kenya mwaka 1937 ulileta desturi ya kuungama hadharani. Tumezirithi nyimbo zake na ushuhuda wake mrefu. Tumeacha kilichowashangaza hata wakoloni: waliookoka walirudisha vitu. Mtu alifika dukani kulipa bidhaa aliyoiba miaka mingi nyuma, mwingine akarudisha ng'ombe, mwingine akaenda kwa mwajiri wake wa kizungu kukiri chuki aliyokuwa nayo. Zakayo wa Luka 19 angejisikia nyumbani kati yao, maana naye hakuishia kuomba radhi juu ya mkuyu. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Ajabu ni kwamba jirani zetu Waislamu wa Jomvu Kuu wanatukumbusha jambo hili kila wanapozika, na sisi tumesimama hapohapo na kofia mkononi, hatusikii. Kabla maiti haijachukuliwa, mtu wa jamaa husimama akawaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu. Halafu papo hapo huongeza: mwenye kumdai aje kwetu, deni ni letu sasa. Radhi na deni husemwa kwa pumzi moja. Mtoto hathubutu kuomba la kwanza akanyamaza kuhusu la pili, maana watu wangemwona mwizi. Kwetu Wakristo mazishi ni hotuba za sifa, na mwenye kudai huonekana mkosa adabu akifungua mdomo.

Ndiyo maana nimewapelekea marafiki zangu Wasabato pendekezo, na wameahidi kulifikisha kwa baraza la kanisa, ingawa mmoja alicheka. Mabeseni yakishapangwa, kabla watu hawajaanza kutafutana, mzee wa kanisa aulize kwa sauti: nani humu anadaiwa na mwenziwe? Pesa, mshahara, amana ya nyumba, jina alilomchafulia, pigo alilompiga. Anayejijua asimame yeye, asingoje kufuatwa. Amwendee aliyemkosea, ataje kosa bila iwapo, alipe kinacholipika, na kama aliyekosewa hataki kuguswa mguu siku hiyo, asilazimishwe, wala asiombewe kwa sauti kubwa ili aone haya. Mzee wa kanisa aanze kujibu swali lake mwenyewe, na mchungaji afuate.

Najua pingamizi litakalokuja. Ibada itachelewa, watu wana matatu ya kurudi Kisauni na Likoni, na wageni watashangaa kuona mwenye ploti amesimama mlangoni na simu, anamtumia mpangaji wake amana ya nyumba kwa M-Pesa huku kwaya ikingoja. Na ichelewe. Mathayo sura ya 5 inamtaka mwenye ugomvi aiache sadaka yake madhabahuni aende kwa ndugu yake, wala haikumwekea saa ya kurudi.